Jiwe la Gari la Mikate

Gari la mikate lilikuwa na ugonjwa mmoja, na mtaa mzima ulikuwa unaujua. Ukilizima, haliwaki tena mpaka lisukumwe au lishushwe mteremko. Stata ilikufa zamani, breki ya mkono ikaifuata, na tajiri mwenye tanuri kila akielezwa alikuwa na jibu lake lilelile: lakini si linawaka? Linawaka, ndiyo. Hapo ndipo penye balaa. Lingegoma moja kwa moja angelitengeneza.

Basi Mama Mikate, dereva wake, akawa mtu wa kuishi na miteremko. Watu wakiingia mtaa mgeni wengine wanaangalia nyumba, wengine wanaangalia watu. Yeye anaangalia ardhi imelalia wapi. Jioni akitoka kazini alikuwa analipandisha gari mpaka juu ya kichochoro chao, pale kwa kinyozi, analizima, na binti yake anasukumia jiwe mbele ya tairi. Jiwe lenyewe ukubwa wa kichwa cha mtoto, limelika upande mmoja kwa kuumwa na matairi.

Asubuhi, majogoo bado hawajakubaliana, binti anatoka amejifunika shuka, analing'oa jiwe, analitupia nyuma kwenye kreti, anabamiza mlango, anasogea pembeni. Mama kwenye usukani anaachia breki ya mguu, gari linaanza kutambaa lenyewe, kimya, kama mtu anayetoroka deni. Binti anasimama palepale anasikiliza. Likikohoa na kushika kule chini kwenye bomba la maji, anarudi ndani kulala kidogo. Lisiposhika, anateremka mbio na shuka lake kwenda kusukuma. Amefanya hivyo tangu mikono yake haijatosha kulizunguka lile jiwe. Baba yake alishaondoka siku nyingi, na si kwa kufa.

Sasa huyu binti amemaliza shule, na amepata nafasi kwenye vyuo viwili. Kimoja cha biashara, huku karibu, mlimani, ambacho angeweza kusoma na kurudi kulala nyumbani. Kingine cha upimaji wa ardhi, mbali, huko ambako hata mkate wa tajiri haufiki. Ada ilikuwa imeshabebwa na mjomba wake, aliyesema popote atakapochagua ni sawa. Jumatatu lazima ajibu kimoja. Mama akasema hachagui mtu kitu ambacho hajakiona. Akaomba gari siku yake ya mapumziko, tajiri akampa kwa maneno mengi, wakatoka.

Alikuwa amechoka kabla hawajaanza. Hakuwa mgonjwa. Ni ule uchovu unaokaa kwenye mifupa na kulipia kodi. Dereva wa mikate hazimi gari mchana kutwa, kila duka anasimama injini inaunguruma, mpaka akilala magoti bado yanatetemeka. Siku ya mapumziko kwa kawaida anailala yote. Leo ameamka saa ileile, amekaa kwenye kiti kilekile, na mgongo wake ulikuwa unamuuliza hii ni adabu gani.

Chuo cha biashara walikifikia mapema. Kimejengwa ubavuni mwa mlima, na maegesho yake yanashuka vizuri kabisa kuelekea barabarani. Mama akalizima gari kwa raha, binti akaweka jiwe.

"Unaona," mama akasema, akiangalia ule mteremko kama mtu anayeangalia posa nzuri. "Chuo hiki kimejengwa na watu wenye akili."

Akakikagua chote. Akaingia vyooni, akafungua mabomba, akabonyeza godoro la bweni ambalo binti yake wala asingelilalia. Akamsalimia mlinzi, akamuuliza watoto wake hawajambo, akaambiwa hana watoto, akamwambia Mungu atampa. Akaonyeshwa darasa la hesabu za biashara, akasema lina hewa. Binti alikuwa anamfuata nyuma, anaitikia kila kitu: ndiyo mama, pazuri mama, wana maji mama. Anaitikia kama anaitikia msiba wa jirani. Mama aliiona hiyo. Mtu anayekuona kila asubuhi umejifunika shuka hawezi kukosa kuiona. Lakini alikuwa na magoti ya kufikiria, akaiacha.

Wakatoa jiwe, gari likashuka, likashika kabla hawajafika barabarani. Mama akapiga usukani kofi dogo la kulisifu. "Hata gari limepapenda," akasema.

Binti akasema gari halisomi.

Baada ya hapo ikawa barabara tu. Mji ukaisha, mashamba yakaja, yakaisha na yenyewe, ikabaki nchi iliyolala, nyasi na nguzo za umeme. Mama akaanza kuguna. Kila wanavyosonga ardhi ilikuwa inazidi kunyooka, na mtu wa miteremko akipelekwa tambarare ni kama mtu wa viatu akiambiwa apite kwenye matope. Akamuuliza binti hao wapimaji wanapima nini huku, mbona kila kitu kinaonekana kipo sawa. Binti akamwambia kwamba ndiyo maana wanapima, kwa sababu kinaonekana. Mama akasema hayo ni maneno ya kwenye vitabu.

Kwenye senta moja ndogo, mwanamke wa duka akanyoosha mkono. Ubavuni mwa gari pamechorwa mkate mkubwa, kwa hiyo hakukosea. Mguu wa mama ukakanyaga breki wenyewe. Binti akageuka, akapapasa nyuma ya kiti, akatoa mkate, akaupitisha dirishani, mama akapokea hela, akashukuru, akaingiza gia, wakaondoka. Walikuwa wameshaliacha duka la mwisho nyuma ndipo mama akauliza ule mkate ulitoka wapi, maana leo hawakubeba mzigo.

"Ule ulikuwa wetu," binti akasema. "Wa mchana."

Mama akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka, kile cha tumboni kisicho na sauti, mpaka gari likayumba kidogo. Binti naye akashindwa kujizuia. Wakacheka mpaka machozi, halafu njaa ikawaingia kwa pamoja, na kicheko kikaisha. Kugeuza kwenda kuudai haikuwezekana. Utamwambia nini mtu, nirudishie mkate, nilikuuzia kwa mazoea?

Chuo cha upimaji kilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, majengo marefu ya chini, yametandazwa kama mtu ameanika nguo. Hakuna kilima, hakuna tuta, hata shimo la maana hakuna. Mama akaingia getini, akazunguka kiwanja chote taratibu, macho yake yanatafuta, yanatafuta. Mwisho akasimama katikati ya uwanja, injini inaunguruma.

"Nenda ukaangalie," akasema. "Mimi nipo."

Binti akamtazama. Mama akamwonyesha ardhi kwa kidevu, kwamba si unaona mwenyewe. Ukilizima hapa, limezimika. Binti akashuka, akaenda. Akakaa huko kidogo, akarudi, akasimama dirishani. Uso wake haukuwa ule wa mlimani. Akasema kuna chumba kimejaa ramani mpaka darini, kuna mwalimu mwanamke ambaye ameshapima mito, kuna bweni la wasichana lina dirisha kubwa, na matroni anasema mzazi anaruhusiwa kuingia. Akasema njoo uone.

Mama akasema gari.

"Kule mlimani ulikagua mpaka vyoo."

"Kule kulikuwa na mteremko."

"Mama, tutasukuma. Watu wapo."

"Watu gani? Mimi siwajui. Nitawaambia nini, nimekuja kuwatembelea, naomba mnisukume?" Akajifuta uso na kitambaa. "Nenda bwana, mimi unavyoniambia nimeshaona."

Binti hakuondoka palepale. Alikuwa ameshika ukingo wa dirisha, kile kioo kisichopanda mpaka juu. Akasema polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Hujakataa kuzima gari wewe. Umekataa kushuka. Ukiona hapa panafaa itabidi useme panafaa."

Akaondoka. Mama akabaki na usukani.

Angeweza kumwita amfokee. Mtoto hamsemeshi mama yake hivyo. Lakini kufokea mtu kunataka nguvu, na nguvu aliiacha mahali fulani barabarani, labda pamoja na ule mkate. Akaegemeza kichwa. Injini ikamtetemesha magoti. Akafikiria asubuhi, juu ya kichochoro, yeye ndani ya gari na jiwe mbele ya tairi, na nje hakuna mtu. Jirani mmoja kiuno kibovu. Kinyozi analala kama gogo. Atashuka mwenyewe alitoe jiwe, gari liondoke peke yake likauze mikate? Akacheka kidogo. Halafu hakucheka tena. Maana aliona kumbe alikuwa anahesabu jiwe, na jiwe halikuwa kitu. Kitu kilikuwa yule anayesimama pembeni kusikiliza kama limeshika. Hata likishika. Kila siku mama akifika kwenye bomba alikuwa anajua kuna mtu juu kule amesimama na shuka, anasikiliza.

Upande wa pili wa uwanja wanafunzi walikuwa wanafanya mazoezi. Kile chombo chao, darubini fupi juu ya miguu mitatu, na mbali huko kijana ameshika fimbo ndefu yenye rangi nyekundu na nyeupe. Binti akawa amesimama karibu nao, anauliza. Wakampisha. Akainama akaweka jicho. Kijana wa fimbo alikuwa amesimama mahali siko, basi binti, jicho bado kwenye darubini, akanyoosha mkono pembeni. Sogea. Sogea tena. Kidogo. Akakunja vidole: hapo hapo.

Mama alikaa wima.

Ule mkono aliujua. Ndio unaomwingiza kinyumenyume kwenye vichochoro vya maduka siku za likizo, kulia, kulia, kidogo, hapo hapo, na haujawahi kumgongesha ukuta hata siku moja. Binti amesimama nyuma ya gari akimwelekeza, na mama anauamini ule mkono kuliko vioo. Na sasa umenyooka kwa mtu mwingine, mbali kule, na yule mtu naye anautii.

Akageuza ufunguo.

Kimya kikaingia ndani ya gari kama mgeni ambaye hajabisha hodi. Mlinzi wa getini akageuka kuangalia. Binti naye akageuka, maana sauti ya lile gari ikikatika yeye anaisikia hata akiwa usingizini. Akamwona mama yake anafungua mlango, anateremsha mguu mmoja, anatulia, anateremsha wa pili.

Alikagua polepole. Vyoo aliviona, mabomba aliyafungua, moja halikutoa maji akamwambia matroni, matroni akasema wameshamwita fundi. Mama akasema mafundi nao ni kama tajiri, wote wanaishi kesho. Wakaelewana hapohapo. Ramani alizitazama akasema zinafanana na ngozi ya kenge. Yule mwalimu aliyepima mito akamsalimia kwa heshima, shikamoo yake na yote, ingawa mkubwa hasa hakujulikana ni nani. Bwenini matroni akamwonyesha kitanda kilicho wazi, karibu na dirisha, godoro tupu. Mama akalibonyeza. Halafu akakaa kidogo ajue lilivyo. Halafu akaegemea ukuta. Matroni akaendelea kueleza habari za muda wa kufunga geti, na alipofika katikati mama alikuwa ameshalala, mdomo wazi, viatu mguuni, mkoba umebanwa kwapani kama mtu aliye safarini.

Matroni akataka kumwamsha. Binti akakataa kwa mkono uleule.

Akalala mpaka jua likahamia upande wa pili wa chumba. Alipofungua macho, binti alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kitanda, magoti juu. Mama hakujua kwanza yupo wapi. Magoti yake hayakuwa yanatetemeka, ndicho kilichomshangaza.

"Godoro lenyewe si baya," akasema.

Binti akageuza kichwa kumtazama.

"Huku nani atakuamsha asubuhi?"

"Nitaamka mwenyewe. Nimeshazoea." Akachezea kamba ya kiatu chake. "Wewe nani atakutolea jiwe?"

Mama akajinyoosha mpaka mgongo ukalia. "Jiwe ni langu," akasema. "Usiliweke kwenye begi lako."

Wakatoka. Gari lilikuwa linawangoja pale katikati, limekaa kama mtu aliyesusa. Binti akaenda kuwaita wale wa darubini, wakaja wakicheka, na mlinzi akaja na yeye, na mama akaingia ndani akaweka gia ya pili, akakanyaga klachi. Wakasukuma. Gari likaenda kwa shida, mama akaachia, likashtuka, likafa. Wakapumua, wakasukuma tena. Likafa. Mlinzi akaanza kusema habari za kutafuta trekta.

Kijana mmoja, yule wa fimbo, akamwambia binti kitu. Binti akaja dirishani.

"Mama, tunasukuma upande mbaya. Wanasema uwanja unashuka kuelekea getini."

Mama akatoa kichwa akaangalia. "Unashuka wapi? Mimi naona sinia."

"Unashuka. Jicho halioni. Wameupima."

Mama akaangalia tena, yeye ambaye maisha yake yote ya kazi ni kuangalia ardhi imelalia wapi. Hakuona kitu. Akasema haya, ligeuzeni, hata hivyo anayesukuma si mimi. Wakaligeuza kwa jasho, wakasukuma kuelekea getini, na kama kweli palikuwa na mteremko au vijana walikuwa tu wameshapata hasira, mpaka leo mama anabishana. Gari lilijipa kamwendo, akaachia klachi, likakohoa moshi mweusi usoni kwa mlinzi, likashika. Kusimama hakuthubutu. Akazunguka uwanja mzima akipiga honi kwa kushukuru, binti akakimbia pembeni mlango wazi, akaruka ndani, wakatokea getini.

Njiani wote walikuwa hoi, na njaa ilikuwa imeshakata tamaa ikaondoka. Kwenye ile senta mwanamke wa duka aliwaona akapunga mkono, mama akapunga na yeye, hakusimama. Nchi ikaanza kupanda na kushuka tena. Kwenye kilima cha kwanza mama akashusha pumzi, lakini hakupasifu. Baadaye akauliza Jumatatu unajibu asubuhi au mchana. Binti akasema asubuhi. Mama akasema vizuri, mambo mengine usiyacheleweshe yakapoa. Chuo gani hakuuliza.

Walipofika nyumbani akalipandisha gari juu kwa kinyozi, binti akashuka kuweka jiwe. Mama akamwambia aliache, aende akaweke chai jikoni. Binti akaingia ndani. Chai ikachemka, ikatulia, mama haji. Alipokuja alikuwa na vumbi mpaka kwenye nywele, na aliinywa ile chai amesimama, kwa sababu alisema akikaa hatainuka.

Kesho yake binti aliamka saa ile ya kila siku. Akavuta shuka, akatoka, akapanda kichochoro. Akamkuta mama yake ameshakaa kwenye usukani, dirisha wazi, na kwenye mkono wake kamba ya kufungia kreti. Binti akaifuata kamba kwa macho. Ilitoka dirishani, ikashuka ubavuni, ikapita chini, ikaenda kufungwa kwenye lile jiwe mafundo matatu, fundo la kila aina.

"Rudi kulala," mama akasema.

"Itakatika."

"Ikikatika nitafunga nyingine. Rudi ndani nikuone."

Binti akarudi mpaka mlangoni, akasimama nyuma ya pazia. Akasikia mama anavuta. Anavuta tena. Tusi dogo. Halafu jiwe likachomoka, na gari likaanza kutambaa, jiwe linaburutwa nyuma yake na kamba, linagongagonga changarawe kichochoro kizima, mpaka kinyozi aliyelala kama gogo akatoa kichwa dirishani akauliza kuna nini. Binti alikuwa anasikiliza.

Kule chini kwenye bomba gari likakohoa mara moja, likanyamaza. Akashika pazia. Likakohoa tena, likashika.

Akasubiri mpaka mlio ukapotea barabarani. Halafu akarudi kitandani, ila usingizi haukuja.